Shule zilifungwa, mwanangu akanenepa: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka 7 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Alikuwa mtoto wa kawaida, mwembamba kiasi. Kabla mwaka haujaisha alishaongezeka kilo 8. Nikajipa moyo kwamba shule zikifunguliwa zitapungua zenyewe. Hazikupungua. Sasa ana miaka 12, urefu wake ni sentimita 150 na uzito kilo 58. Baba yake anasema ni uvivu. Kila Jumamosi anamkimbiza, wanarudi wamenuniana. Ndugu wananiambia nimwache, akibalehe atarefuka na mwili utajipanga. Mimi nimefikiria kumnyima chakula cha usiku na kumpima uzito kila Jumapili. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nadhani nilimharibu mwenyewe. Kipindi kile nilikuwa nafanyia kazi mezani pale pale nyumbani, nikawa nampa simu na biskuti ili atulie. Je, ni kosa langu? Na je, nimeshachelewa?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Marahaba, mama.

Nianze na hilo linalokuuma, maana mzazi anayejilaumu huishia pabaya kwa njia mbili. Ama humbana mtoto ili kulipia deni la zamani, ama humwachia kila kitu kwa huruma. Zote mbili nimeziona zikiongeza kilo.

Tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani liliitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Ilipofika Aprili, wanafunzi wapatao bilioni 1.6 walikuwa nyumbani, zaidi ya tisa katika kila kumi duniani kote. Huko England watoto hupimwa uzito na urefu wanapoanza shule ya msingi na tena wanapokaribia kuimaliza, kwa hiyo tunayo picha ya kabla na baada. Katika wale wa miaka 4 na 5, wenye unene uliopitiliza walikuwa asilimia 9.9 mwaka wa masomo wa 2019/20. Mwaka uliofuata wakafika asilimia 14.4. Wale wa miaka 10 na 11 walitoka asilimia 21.0 hadi 25.5. Upimaji huo haukuwahi kuonyesha mruko kama ule tangu ulipoanzishwa. Marekani nako zilikusanywa kumbukumbu za watoto na vijana 432,302 wa miaka 2 hadi 19, ikaonekana kwamba kasi yao ya kunenepa iliongezeka karibu maradufu baada ya janga kuingia. Ukiwapanga kwa umri, walioathirika zaidi ni wa miaka 6 hadi 11. Wako alikuwa na 7.

Akina mama wa nchi nzima hawawezi kusahau kulea ndani ya msimu mmoja. Unapoona watoto wa matajiri na maskini, wa waliosoma na wasiosoma, wote wanapanda mizani kwa pamoja, usitafute kosa kwenye meza ya nyumba moja.

Sisemi kwamba simu na biskuti hazikufanya kitu. Zilifanya, na tutazirudia. Lakini uliyafanya hayo huku ukiwa umebebeshwa kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na jengo zima lenye walimu, uzio na kengele. Hiyo kengele ndiyo ninayotaka tuizungumze, kwa sababu naamini watoto wale walinenepa hasa kwa kuwa ilinyamaza.

Hili halikuanza na korona. Miaka kadhaa kabla ya janga, watafiti wa Marekani waliwafuatilia watoto zaidi ya 18,000 tangu walipoanza shule mwaka 2010 hadi walipomaliza darasa la pili, wakiwapima mwanzo na mwisho wa mwaka wa masomo. Waliokuwa na uzito uliozidi waliongezeka kutoka asilimia 23.3 hadi 28.7. Kilichowashangaza wengi ni wakati ongezeko hilo lilipotokea: lote lilitokea kwenye likizo ndefu. Katika miezi ya shule halikuwepo. Sisi tuliozoea kuilaumu shule kwa kuwakalisha watoto kwenye madawati na kuwauzia pipi getini tulilazimika kumeza mate.

Shule inafanya nini, basi? Kwanza inamwamsha mtoto. Kwa sababu anaamka saa ile ile, usingizi nao unamjia saa ile ile. Kisha inamweka mahali ambapo kwa saa nyingi hakuna jokofu la kufungua wala kabati la kuchungulia. Hata chakula cha shule kikiwa cha ovyo, kina mwanzo na mwisho; kengele ikilia, mtoto anafuta mdomo anarudi darasani. Inamtembeza bila kumwambia kwamba anafanya mazoezi: kwenda, kurudi, kuhama darasa, kukimbizana mapumzikoni. Inamweka mbele ya watu wazima wanaomwona. Katika hayo hakuna hata moja lililobuniwa kuzuia unene. Yanauzuia kwa bahati tu, na ndiyo maana hatukujua thamani yake mpaka yalipoondoka yote siku moja.

Janga lilikuwa likizo ndefu iliyofungiwa mlango kwa nje. Mjini Verona, Italia, madaktari walikuwa tayari wanawafuatilia watoto na vijana 41 wenye unene uliopitiliza. Wiki tatu tu baada ya watu kufungiwa, waliwauliza tena kuhusu siku yao. Muda wa skrini ulikuwa umepanda kwa karibu saa 5 kwa siku. Michezo ilipungua kwa saa 2 na zaidi kwa wiki. Krispi za viazi za pakiti, nyama nyekundu na vinywaji vya sukari viliongezeka. Kuna jambo moja dogo ambalo wasomaji wengi hulipita: mboga hazikupungua. Watoto wale waliendelea kula milo yao kama kawaida, halafu katika saa zilizobaki wazi pakaingia vingine. Kundi lenyewe ni dogo, watoto 41 hawawezi kuisemea dunia, lakini picha hiyo inalingana na ninayoisikia kwa wazazi kila siku. Wanakuja wakisema, "Daktari, mbona chakula chetu ni kile kile?" Nao wanasema kweli.

Tupige hesabu kwa mwanao. Mtoto wa miaka 7 kwa kawaida huongezeka kilo 2 au 3 kwa mwaka. Wako aliongezeka 8, kwa hiyo tuseme kilo 5 zilikuwa za ziada. Kilo moja ya mafuta mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Gawanya kilo zote 5 kwa siku 365, unapata ziada ya kama kalori 105 kwa siku. Kwa hakika ilikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu mwili ukizidi kuwa mzito nao hutumia zaidi, lakini hata ukiongeza nusu yake hatuzungumzii ulafi. Kopo moja la soda la mililita 330 lina kalori kama 140 na sukari karibu gramu 35, yaani vijiko vya chai vipatavyo 9. Ndiyo maana hukuona chochote kikitokea. Hapakuwa na karamu. Palikuwa na biskuti mbili saa tano, glasi ya juisi saa tisa, na saa mbili za kukimbia ambazo hazikukimbiwa.

Usingizi nao uliteleza. Mtoto asiye na sababu ya kuamka hulala saa sita usiku, na saa zile za usiku huwa hazipiti bila kula. Mwili uliolala kidogo hutoa zaidi homoni ya njaa na kupunguza ile ya shibe, na njaa ya aina hiyo haikimbilii matunda; inataka sukari na mafuta. Wapo waliolala saa nyingi zaidi wakati wa janga, wale wa Verona waliongeza zaidi ya nusu saa, lakini saa zenyewe zilihama. Mtoto anayeanza kulala saa nane usiku na kuamka mchana amepata saa zake, ila amekosa mwanga wa asubuhi na mlo wa kwanza, na siku yake yote inasogea usiku, wakati ambapo skrini ndiyo rafiki pekee aliye macho.

Na skrini, mama, haileti unene kwa sababu ya kukaa peke yake. Mtoto aliyekaa anasoma kitabu naye amekaa. Tofauti ni kwamba mikono ya anayetazama vidio iko huru na akili yake haipo. Anakula bila kuhesabu, hasikii tumbo likisema basi, na katikati anaonyeshwa matangazo ya vyakula vile vile vilivyomzunguka.

Sasa tuje kwake alivyo leo. Wazazi wengi huchukua kilo na urefu, wakaingiza kwenye kikokotoo cha watu wazima, wakapata jibu la kuwatuliza. Tujaribu: kilo 58 gawanya kwa mita 1.5 iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, yaani 2.25, unapata 25.8. Huo ndio uwiano wa uzito na urefu, BMI. Kwa mtu mzima hiyo imevuka kidogo tu mstari wa uzito uliozidi, ambao ni 25. Kwa mvulana wa miaka 12 mambo ni tofauti. Kwenye chati za Shirika la Afya Duniani za umri huo, uzito uliozidi huanzia karibu 20, na unene uliopitiliza huanzia karibu 23.6. Mwanao ameshauvuka mstari wa pili. Nakwambia wazi kwa sababu umeniuliza wazi. Si suala la "mwili mkubwa" wala "afya njema".

Kabla ya kubadilisha lolote nyumbani, mpeleke akaonwe. Nataka daktari amtazame shingo na makwapa: ngozi ikiwa nyeusi, nene, laini kama mahameli, na haitoki kwa kusuguliwa, huenda insulini yake, homoni inayodhibiti sukari mwilini, inafanya kazi kwa shida. Wazazi hudhani ni uchafu, na watoto wamesuguliwa hadi kuchubuka kwa ajili hiyo. Apimwe shinikizo la damu kwa mkanda unaolingana na mkono wake. Mwambie daktari kama anakoroma na kukabwa usingizini, au anasinzia darasani. Apimwe na sukari. Katika vituo 24 vya Marekani vinavyotibu kisukari cha watoto, wagonjwa wapya wa kisukari aina ya pili katika mwaka wa kwanza wa janga walizidi wastani wa miaka miwili ya nyuma kwa asilimia 77. Huo ni ugonjwa ambao vitabu tulivyosomea viliuita kisukari cha watu wazima. Kiu isiyokatika na kwenda haja ndogo mara nyingi usiku ni dalili za kumpeleka siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu ya nyonga au goti yanayomfanya achechemee. Kwa kijana mzito wa umri huu, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye nyonga, na maumivu yakaonekana gotini. Hilo ni la dharura, tena usimruhusu akanyagie mguu huo.

Nikija kwenye chakula cha usiku: usimnyime. Umri wa miaka 12 ni mlangoni mwa kipindi ambacho mwili wa mvulana hurefuka kwa kasi kuliko wakati wowote tangu utotoni, na mifupa haijengwi kwa njaa. Na hata tukiacha mifupa, kunyima hakufanyi kazi. Niliwahi kuletewa binti ambaye wazazi waliapa kwamba hali kitu mezani, na walisema kweli. Pakiti zilikuwa chini ya godoro. Mtoto anayenyimwa mbele ya wenzake hujifunza vitu viwili, kwamba chakula ni zawadi kubwa mno na kwamba kinaliwa gizani.

Wala huhitaji apungue kilo nyingi. Hii ndiyo habari njema ambayo watu wazima tunawaonea wivu watoto. Chukua uzito wake wa leo, kilo 58, uzuie pale pale, umwache arefuke hadi sentimita 160, jambo ambalo kwa mvulana wa umri wake linaweza kuchukua chini ya miaka miwili. Uwiano wake utakuwa 22.7. Tuseme hukufanikiwa kuuzuia kabisa, ameongezeka kilo 2, utakuwa 23.4. Kwa kijana wa miaka 14 mstari wa unene uliopitiliza uko karibu 25.9. Ameshatoka upande ule, na hakuna mtu aliyempunguza hata gramu. Daktari wake anaweza kuamua kwamba apungue kidogo kidogo, hasa akikuta sukari au shinikizo vimeanza kupanda, na hapo mfuate yeye. Lakini shabaha yako ya kwanza iwe kusimamisha mizani.

Ndugu zako, kwa hiyo, wamekosea nusu. Ni kweli atarefuka. Lakini uzito haujipangi wenyewe ikiwa siku yake haijabadilika. Utapanda pamoja na urefu, kisha urefu utasimama na uzito uendelee. Tafiti za kuwafuatilia watoto hadi utu uzima zimekuwa zikionyesha kwamba vijana wanaobalehe wakiwa na unene uliopitiliza, karibu wanne kati ya watano hubaki nao ukubwani. Rudi kwenye takwimu za England uone jambo hilo kwa kipimo kidogo. Shule zilipofunguliwa, wale wa miaka 4 na 5 walishuka mwaka uliofuata hadi asilimia 10.1, karibu na walikotoka. Wale wa miaka 10 na 11 walishuka hadi 23.4 tu, wakati kabla ya janga walikuwa 21.0. Wadogo walirudishwa na kengele yenyewe. Wakubwa walihitaji na mkono wa mtu. Mwanao alikuwa katikati, na ukasubiri. Nani asingesubiri? Kila mtu alikuwa anasubiri.

Kwa hiyo kazi yako ni kuijenga siku upya, hasa saa ambazo hayupo shuleni. Sahani itafuata yenyewe.

Anza na asubuhi, usianze na usiku. Wazazi hupigana vita vya kulala na kushindwa, kwa sababu huwezi kumwamuru mtu asinzie. Unaweza kumwamsha. Mwamshe saa ile ile kila siku, Jumapili na likizo zikiwemo, mpe nafasi ya saa moja tu zaidi siku zisizo za shule. Baada ya wiki mbili usingizi utaanza kuja mapema. Kwa umri wake anahitaji kati ya saa 9 na 12, na akishatimiza miaka 13 kati ya 8 na 10. Simu zote zilale nje ya vyumba vya kulala. Nimesema zote. Ya kwako na ya baba yake zilale hapo hapo na ya kwake, la sivyo ni adhabu tu, na adhabu huisha siku mnapochoka.

Kisha kula kuwe na kengele. Milo mitatu na kitu kidogo katikati, kwa saa zinazojulikana, mezani, skrini zote zimezimwa. Katikati ya hapo jiko limefungwa kwa kila mtu, na maji yako wazi kwa kila mtu. Kuna mgawanyo wa kazi ambao wataalamu wa lishe ya watoto tunaupenda kwa sababu unamaliza ugomvi: mzazi anaamua kitaliwa nini, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua atakula kiasi gani. Mara ya kwanza utaogopa, utamwona akiongeza sahani ya pili. Mwache. Akijua kwamba mlo mwingine unakuja kwa saa yake na hakuna atakayemnyima, ile hofu ya kula kana kwamba chakula kinakwisha hupungua. Inachukua wiki, si siku.

Vinywaji vya sukari ndiyo sehemu pekee ambayo nakuruhusu uwe mkali, nao ukali wenyewe uufanye dukani. Usinunue. Juisi ihesabu humo humo, hata uliyoikamua kwa mikono yako, kwa sababu tunda likishakuwa maji hunywewa matatu pale ambapo lingetafunwa moja. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5. Soda moja kwa mtoto inakula sehemu kubwa ya kipimo hicho kikubwa, na hicho kidogo imeshakipita. Biskuti nazo hazihitaji kupigwa marufuku. Zisikae tu ndani ya nyumba kama fanicha. Zikinunuliwa, zinunuliwe za siku hiyo, ziliwe na wote, ziishe.

Na haya yote yawe ya nyumba nzima. Una watoto watatu. Ukimwekea mmoja sahani yake ya "mgonjwa" huku wadogo zake wananywa soda, umemtangaza. Hakuna mtoto mwembamba anayedhurika kwa kunywa maji na kulala mapema.

Baba yake. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba nia yake ni njema na Jumamosi zake zinaharibu kazi. Mtoto mzito akikimbizwa na mtu mwepesi hujifunza kwamba mwili wake ni aibu. Anapumua kwa shida, magoti yanauma, anashindwa mbele ya mtu ambaye angependa amsifu. Halafu tunamwita mvivu. Lengo kwa watoto wa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili, si mbio za kufa mtu mara moja kwa wiki. Dakika hizo zinaweza kukatwa vipande: kutembea kwenda na kurudi, kazi za nyumbani zenye kutoa jasho, mpira wa nusu saa. Kuogelea ni kuzuri sana kwa mwili mzito kwa kuwa maji humbeba. Michezo ya kurusha, kusukuma na kunyanyua humpa kitu adimu, nafasi ya kuwa na nguvu kuliko wenzake. Baba akitaka kusaidia, atembee naye jioni, mwendo wa kuweza kuzungumza, na wasizungumze uzito. Nusu saa ya namna hiyo mara tano kwa wiki inazidi Jumamosi zote walizonuniana.

Kuhusu maneno. Hukuandika kama wenzake wanamtania, na wazazi wengi huwa hawajui mpaka waulize. Uliza mkiwa njiani au mnaosha vyombo, asiwe anakutazama usoni. Utani wa unene haumpunguzi mtu. Humfungia ndani, na ndani ndiko kwenye jiko na skrini. Kama kuna mzaha wa aina hiyo hapo nyumbani, hata wa upendo, hata jina la utani alilopewa akiwa mchanga, ukome leo bila mkutano. Na wewe usiuseme vibaya mwili wako mbele yake.

Umeuliza kama umechelewa. Kwa kungoja shule irekebishe, ndiyo, muda huo umepita. Kwa kurefuka kwake hujachelewa hata kidogo. Kipindi kizuri kuliko vyote ndicho kinaanza sasa, na kitadumu miaka michache. Ndiyo maana nakusihi msikipoteze kwa vita vya mezani.

Itakuja likizo nyingine ndefu. Huenda siku moja shule zikafungwa tena kwa ugonjwa mwingine ambao bado hatujaupa jina. Ikitokea, usijaribu kuiga shule yote. Mwaka 2020 wazazi wengi walijaribu kufundisha hesabu hadi machozi huku saa za kula na kulala zikienda upepo. Mimi ningekuomba ushike mambo matatu tu kabla hujagusa hesabu: saa ya kuamka, saa za kula, na saa moja ya kutoka jasho hata kama ni ndani ya chumba. Na ukihitaji kumpa simu ili umalize kazi yako, mpe, ila isiambatane na chakula. Kutenganisha hivyo viwili ni rahisi kuliko kupambana na simu yenyewe, na unaweza kuanza hata leo mchana.

Limebaki la mizani ya kila Jumapili. Hapana. Uzito wa mtoto hupanda na kushuka kwa maji, kwa choo, kwa mlo wa jana. Ukimpima kila wiki utafurahi na kulia kwa vitu visivyokuwepo, naye atajifunza kuiogopa Jumapili. Mpime mara moja kila miezi mitatu, asubuhi, kwa mizani ile ile. Anza na urefu: avue viatu, asimame visigino vikigusa ukuta, atazame mbele, uweke kitabu kichwani na kuchora mstari kwa penseli. Mwache aone amepanda kiasi gani. Baada ya hapo ndipo apande kwenye mizani. Andika tarakimu zote mbili kwenye daftari la kwenda nalo kliniki, kisha rudisha mizani kabatini.